Korona Ilipozimwa

Ilizimwa Jumanne, katani mbichi bado iko kwenye troli.
Karani Semkiwa akasema nailoni imetushinda,
akafunga daftari, na mishahara yetu ya miezi mitano ndani.

Tukala mahindi. Tukala na mbegu.

Kisha akaja mwenye hati:
shamba zima la Muheza sasa la ng'ombe,
na ng'ombe hadai posho,
hazai watoto wa kusomesha.

Mhando kavuka mpaka, kaenda Voi.
Wakina Chamhingo, sijui.
Mimi nilibandua mlango usiku, bawaba na vyote;
kuta ni za kampuni,
mlango nilinunua mwenyewe, mbao ya mvule.

Huku Kilosa tumepanga. Mlango umelala mvunguni.
Mwanangu huuliza
unafungukia wapi.