Nafuu ya Mchukuzi

Hull, Januari. Magari ya wagonjwa kumi na manne
yamepanga foleni nje, injini zinanguruma,
na ndani, wodi ya saba, mzee Stamper
kapona tangu Jumanne ya wiki iliyopita.
Kavaa koti. Kofia iko gotini.
Anangoja apatikane mtu
wa kumwogesha asubuhi nyumbani kwake
ndipo aruhusiwe kwenda.

Kazi yangu mimi ni kusukuma vitanda.
Sikujua niliitiwa nini mkutanoni
hadi Bi Oldroyd, na kompyuta yake na kikohozi chake,
aliponigeukia: "Kitanda kikibaki kitupu,
huchukua muda gani kabla hujamleta mwingine?"
Miaka tisa, hakuna aliyewahi kuniuliza.
Nikasema: mchana dakika tisini,
usiku, mia mbili na zaidi.
Akaziandika.

Kachora visanduku, kachora mishale;
mmoja ukaenda ukazunguka
ukarudi ulikotoka, kama deni.

"Ongeza vitanda ishirini," akasema meneja.
Akaongeza. Miaka miwili ikapita
kabla chai haijapoa.
Mstari mwekundu ukashuka, meneja akatabasamu;
wiki ya sita ukainua kichwa,
ukapanda, ukapita pale ulipoanzia.
Vitanda vipya vilijaa kina Stamper.
Wauguzi ni wale wale, wagonjwa wameongezeka,
wakachoka, wakaugua, wakaacha kazi.

Kuvuja kwa pakacha, walisema wahenga,
ni nafuu ya mchukuzi.
Mchukuzi ndiye mimi.
Pakacha hili halivuji.

Akafuta vitanda. Akaweka wahudumu kumi na tisa,
wenye magari, wa kuzunguka Bransholme na Hessle
kuosha migongo, kuchemsha uji, kufunga vifungo vya shati.
Mstari haukutikisika.
Mwezi. Miezi mitatu. Meneja akatazama saa.
Wa tano, ukalegea katikati
kama kamba iliyoanikwa blanketi bichi.

"Miezi mitano," akasema Bi Oldroyd.
"Nani atavumilia kutoona kitu miezi mitano?"
Mtu akafunga faili.
Mvua ikapiga vioo.

Usiku nikamsimulia mzee Stamper.
Akauliza, "Na mimi niko wapi humo?"
Kisanduku cha tatu, nikamwambia,
na watu sitini na wawili nukta nne.
Akafikiri kidogo, akaigeuza kofia.
"Kina dirisha?"

Nikasema nitauliza.