Kioo Juu ya Ufa

Nyumba ni moja, hati ni moja, majina ni mawili:
Gathirimu, fundi wa injini za reli,
na baba yangu Nyabola, mtunza stoo.
Waliinunua pamoja mwaka wa sabini na mmoja,
wakapiga ukuta katikati ya sebule,
kila mmoja akatoboa mlango wake.

Wao walishakufa. Tumebaki mimi na Mathenge
na paa lenye rangi mbili:
kwangu jekundu, nilipaka Desemba,
kwake kutu.
Rangi imekoma sawasawa pale ukuta ulipo,
kama kitambaa kilichokatwa na mshonaji mwenye kinyongo.

Mvua haijui mpaka huo.
Inaingia kwake, inatembea juu ya boriti,
inanidondokea mimi kitandani.

Halafu ufa. Ulianza mwembamba kama unywele
juu ya dirisha la barabarani.
Nakuru yetu hii, ardhi yake majivu ya Menengai,
ukiimwagia maji mengi inalegea kama sukari.
Kila mpita njia alitutupia methali ya ufa na ukuta;
hakuna aliyesema saruji inunuliwe na nani.

Mathenge: "Ufa uko kwako."
Mimi: "Umeanzia kwenye tangi lako."
Yeye: "Tangi liliwekwa na baba yako."
Tukaandikiana barua, watu wa ukuta mmoja,
zikipitishwa chini ya milango na binti yake Njambi,
aliyelipwa peremende pande zote mbili.

Tukaenda kwa wakili. Akatutajia ada yake.
Tukarudi kwa miguu,
kila mtu na upande wake wa barabara.

Aliyetuweza ni Lisamula, fundi wa Kaptembwo.
Hakuuliza hati. Aligonga ukuta kwa vidole
kama daktari agongavyo kifua,
akaomba kipande cha kioo,
akakibandika juu ya ufa, akaandika tarehe kwa penseli.
"Kikivunjika, nyumba inatembea.
Kisipovunjika, mnagombania lipu.
Niiteni baada ya masika."

Basi kila alfajiri nilitoka na kikombe changu cha chai,
na kila alfajiri Mathenge alikuwa ameshafika,
mswaki mdomoni.
Siku ya kwanza hatukusalimiana.
Siku ya tisa akasema, "Bado."
Nikasema, "Bado."
Wiki nzima tuliishi kwa neno hilo.
Aprili ndipo nilipojua kiwanda kilimwachisha kazi Oktoba;
nami nikamwambia wekundu ule wa paa
ni wa mkopo.

Usiku wa tarehe kumi na saba mvua ilipiga mabati hadi saa tisa.
Asubuhi kioo kilikuwa vipande viwili,
Mathenge amechuchumaa mbele yake, mswaki mkavu.
Sikusema, "Nilikwambia."
Maneno hayo nilikuwa nimeyaandaa tangu Februari.

Mapatano yako kwenye daftari la hesabu la Njambi:
msingi nusu kwa nusu, boriti nusu kwa nusu,
tangi lihamishwe, mimi nitoe saruji, yeye mikono,
salio lake alipe kidogo kidogo.
Suala la mfereji wa paa tumeliacha wazi;
hapo bado tunanuniana.

Jana Lisamula alichimba hadi kiunoni.
Akatuita, akaelekeza sururu:
mawe ya msingi yamepita moja kwa moja,
kwangu hadi kwake, bila kituo.
Ukuta wa wazee wenu, alisema,
hauna msingi. Umesimama juu ya sakafu tu.

Mathenge akauliza kuubomoa ni pesa ngapi.
Nikamwambia asiharakishe.