Mwezi Umeshamsamehe

Jumanne, dirisha la tatu, mahakama ya Sib.
Kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo ya rangi.
Namba arobaini na moja anasimama,
anavuta kanzu ikae sawa mabegani,
anapitisha faili chini ya kioo
kama mtu anayerudisha sahani jikoni
akijua chakula kimekwisha.

Muhenna bin Zahran, wa Mabela.
Muflisi. Mara ya pili.

Namhoji kwa Kiarabu cha serikali,
ananijibu kwa Kiarabu cha serikali,
mpaka kalamu inamponyoka
na mdomo unamtangulia: "Ala! Hii nayo!"
Basi, nikajua maziwa aliyonyonya.
Mama yangu mimi ni wa Wete.
Tangu hapo tukasemezana chinichini,
Kiswahili kama vitumbua ndani ya leso
wenzako wakila biskuti za ofisi.

Mara ya kwanza zilikuwa cherehani.
Sita, na mafundi wawili, na mkopo wa benki.
Kanzu za Idi akashona, Idi ikapita,
maduka yakajaa kanzu za kiwandani
zilizokunjwa ndani ya mifuko ya plastiki.
Akaja hapa. Akasamehewa.
Deni likafutwa, jina likabaki na baka.

Mara ya pili, malori ya maji, ya buluu, mawili.
Alisema: watu watakaa bila kanzu mpya,
bila maji hawakai.
Kweli. Lakini serikali ikachimba, ikalaza mabomba
mtaa kwa mtaa, hadi nyumbani kwake,
na mkewe, Ghaniya, ndiye wa kwanza kufungua bomba,
akapiga kigelegele
asijue anashangilia nini.

"Kifungu kinasema miaka minane," akaniambia,
"kutoka ombi hadi ombi. Nimehesabu.
Rajabu ile mpaka Rajabu hii. Minane kamili.
Mwenye matairi akinipigia simu kabla ya alfajiri,
shemeji hakuja hata kwenye msiba wetu,
na mimi nangoja mwezi uandame."

Nikaivuta kalenda ya mezani, zawadi ya benki,
benki ileile inayomdai.
Nikahesabu. Nikarudia.
Miaka yake ilikuwa ya mwezi.
Kifungu kinahesabu kwa jua.
Kila mwaka mwezi humpita jua
kwa siku kumi na moja, kasoro kidogo;
zikusanye miaka minane,
unapata themanini na saba.

Maisha yake yote alichelewa kulipa.
Leo amewahi.

"Nikilipokea leo," nikamwambia,
"jaji atalikataa, na kukataliwa nako kuna hesabu yake.
Lichukue. Utarudi nalo."
Hakugomba. Aliuliza tu:
"Kwa hiyo mwezi umeshanisamehe?"
Nikasema ndiyo, mwezi umeshakusamehe.
"Bado jua."
Bado jua.

Tuliambiwa dawa ya deni kulipa.
Hatukuambiwa kijiko kingapi, mara ngapi kwa siku,
wala mgonjwa akiugua tena
apewe chupa ileile au afukuzwe mlangoni.

Nikamwandikia tarehe nyuma ya risiti ya maegesho.
Akavua kofia, ya kushonwa kwa mkono,
matundu yake mengine yameanza kufumuka,
akaichomeka karatasi ndani, akaivaa
taratibu, kana kwamba tarehe itamwagika.

Alifika mlangoni, akarudi.
"Hebu tazama. Siku hiyo ni siku gani?"
Nikatazama.
Ijumaa.
Tumefunga.
Na Jumamosi vilevile.

"Jumapili basi," akasema,
akacheka kidogo, kwa puani,
na namba arobaini na mbili
akawa ameshaweka kiwiko chake kwenye dirisha langu.