Amri ya Kuvuka

Basi la Tandahimba lilinishusha Newala saa saba,
vumbi la salfa bado limekaa juu ya mikorosho
kama unga uliomwagika, mtu akakosa moyo wa kuuzoa.
Nilibeba suti moja, nishani nne, dawa za presha.
Wewe, Dadi Nambunga, ulikuwa tayari sandani,
na hata hapo mrefu kuliko ulichopewa,
kama kambini, ulipolala miguu ikiwa nje ya hema.
Nikacheka. Watu wakageuka.

Luteni kijana, aliyezaliwa vita vimeshasahaulika,
alisoma wasifu wako, kaunakili kutoka faili kama ulivyo:
kazaliwa Kitangari, kajiunga na jeshi, kaenda Kagera.
"Usiku huo, kwa amri ya marehemu,
kikosi kilivuka daraja kabla ya kulipima.
Vijana saba hawakurudi.
Pamoja na hayo, alitumikia kwa uaminifu."

Pamoja na hayo.

Dadi, amri ile niliitoa mimi.
Mvua inapiga kofia za chuma, redio inakoroma,
nawe unasema, kwa ulimi wako wa huku:
"Ngoja. Nto huu siuamini. Ngoja kuche."
Nilitaka kufika kwanza. Basi.
Si ramani, si giza, si adui.
Nilitaka jina langu lifike ng'ambo kabla ya la Meja Kisusi.

Asubuhi uliandika ripoti juu ya sanduku la risasi,
ukatia sahihi yako, wino ukachuruzika.
"Wewe una watoto wawili," ukasema.
"Mimi nina ndizi hii tu."
Ukaimenya. Ukanikatia nusu.

Mimi nikawa Kanali.
Wewe ukabaki Kapteni, kisha karani wa mizani
katika ghala la ushirika, ukipima korosho za watu
bila kuegemeza kidole,
wakakufukuza mara mbili kwa kosa hilo.

Kila Idi ulinitumia ming'oko kwa basi,
imeviringishwa gazetini, imeanza kuota ukungu.
Handakini, njaa ikitutafuna, uliisifia
kama mtu anayeposa:
"Inachimbwa, hailimwi. Haina mwenyewe.
Siku ukiila utajua."
Sikuila hata mara moja. Nilimpa mlinzi wa getini.

Bunduki zikalia mara tatu. Kunguru wakahama mti.
Nikatupa udongo wangu, mwekundu, ukabaki kwenye kucha.

Jioni nilimfuata mjane wako, Bi Somoe,
nyuma ya nyumba, penye madumu
ya maji yaliyopandishwa kutoka bondeni.
Nikasimama kama kuruta.
"Shemeji, lile daraja…"
Hakuinua macho kutoka kwenye sufuria.
"Najua, Kanali. Aliniambia mwaka tuliooana.
Akasema ukija, uachwe useme mwenyewe.
Miaka arobaini na mmoja.
Kaa. Kula kwanza."

Ming'oko, ya moto, na chumvi pembeni.
Myembamba kama vidole vya mtu aliyeugua.
Nikala. Nyuzi zikanasa kwenye meno ya bandia,
nikazing'oa mbele ya watoto wako, bila haya.
Sikujua nilichopaswa kujua.
Nikaomba nyingine.

Kabla ya adhana nilitembea hadi Shimo la Mungu.
Ukungu umejaa bonde zima, Ruvuma haionekani,
ng'ambo haipo.
Nikaita majina ya wale vijana, moja moja,
nikingoja baada ya kila jina, kama gwarideni.
Sita yalikuja.
La saba lilikuwa kwenye daftari lako.

Njia ya kushukia ilikuwa pale, miguuni pangu,
nyeupe kidogo, kisha hakuna.
Nikatandika koti, nikaketi ukingoni.
Nikangoja kuche.