Frasila ya Saba

Daftari la babu Silvano lilikuwa chini ya godoro la bibi,
limefungwa kwa kaniki iliyochujuka, jalada limeliwa na mende.
Nilidhani ni madeni. Au majina ya wanawake.
Ni mizani tu. Ukurasa baada ya ukurasa, mizani.

Karani wa mizani, soko la serikali, Lindi.
Mwandiko wa misheni, herufi zimelalia upande mmoja
kama mpunga uliopigwa na mvua.
Kushoto jina, katikati uzito, kulia bei,
na pembeni kabisa, kwa penseli,
hesabu ambayo hakuna mzungu aliyemtuma kuifanya:

mwaka wa ishirini na nane, ufuta shilingi nne frasila,
kodi shilingi kumi: frasila mbili na nusu kwa kichwa.
Thelathini na moja, ufuta shilingi mbili,
kodi ile ile: frasila tano.
Thelathini na tatu, shilingi moja na nusu,
kodi haijapata habari:
sita, na ya saba imeshaanza kuliwa.

Shamba halikupanuka. Jembe lilizidi kuisha.

Watu walimuuliza yeye, kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi mwake:
Mwana wa Namkulala, nani kaiua bei?
Akawaambia, waya. Waya umeleta neno kutoka London.
Ameandika: *Leo mtu wa Ng'apa kaipiga teke nguzo ya simu.
Bei haikubadilika.*

Dukani kwa Velji kaniki ya Japani senti thelathini yadi,
ya Manchester senti sabini.
Bwana Shauri akaingia, akazipapasa zote mbili,
akauliza mbona wenyeji hawapendi kilicho bora.
Wanakipenda, Bwana, akajibu Velji. Wanakipenda sana.
Akakikunja, akakirudisha rafuni kwenye vumbi lake.

Ukasomwa waraka barazani, liwali akifasiri:
nchi hii si koloni, ni amana,
mataifa yameiweka mikononi mwa Mfalme.
Chini yake babu, kwa herufi ndogo kama chawa:
*Amana gani hii, inayolipia kutunzwa kwake?*

Asiye na shilingi alilipa kwa mgongo,
mwezi mzima barabara ya Masasi, akisawazisha njia
ya lori litakalobeba ufuta wa wenzake.

Kisha tarehe kumi na tisa Agosti.
*Namkulala, Nyangao. Ufuta.*
Baba yake.
Yeye na wapwa wawili, mizigo mitatu, siku mbili kwa miguu.
Bibi anasema walionana kama wageni.
Shikamoo ilibaki kooni, maana Bwana Shauri
alikuwa amesimama kando ya mizani, kofia kwapani,
akipiga miayo.

Nimesoma mstari ule mara nne.
Mzigo wa kwanza, mbili. Wa pili, mbili. Wa tatu, mbili.
Jumla: saba.

Mtu aliyejaza kurasa mia na kumi na mbili
bila kukosea hata senti.

Duara la wino mwekundu limeizunguka ile saba,
mkono si wake, siku si ile. *Kosa. Karani akatwe.*
Na kati ya kurasa, kavu kama ganda la kitunguu,
stakabadhi ya kodi: Namkulala, shilingi kumi,
tarehe kumi na tisa.

Niliyebaki kuhesabu sasa ni mimi.
Saba mara moja na nusu, kumi na senti hamsini.
Toa kodi.
Hamsini ilikwenda wapi, bibi?

Chumvi ya senti ishirini, anasema, na yadi moja ya Japani.
Alininunulia mimi. Nilikuwa mchumba bado.

Natazama kitambaa mapajani mwangu.
Ndiyo hii?

Hajibu. Ananyoosha mkono, anapapasa pindo.
Funga vizuri, anasema. Mende wataingia.