Kukata Maini

Daktari alisema: hili halikatiki.
Akaigeuza skrini tuione,
kama muuza duka anayekuonesha mzani ili usimdhulumu kwa dhana.
Upande wa kulia, uvimbe wa sentimita kumi na moja
umeukumbatia mshipa mkuu.
"Kwa sasa," akaongeza.
Mimi nilisikia halikatiki.
Hamdun alisikia kwa sasa.
Ndivyo tulivyo, mwaka wa thelathini na tisa huu.

Kiswahili tulichotoka nacho Wete
kinasema habari mbaya hukata maini.
Yangu yalikatika palepale kitini, bila kisu wala ganzi.
Yake, yaliyotakiwa kukatwa,
yakakataa.

Kutoka Maskati hadi Birkat al-Mauz ni saa moja u nusu.
Hakusema neno mpaka tukaipita Fanja.
Halafu: "Punguza hiyo AC."

Walianza na mfereji.
Mrija mwembamba kama uzi wa kushonea kofia
ukaingia pajani, ukapanda mpaka ini;
wakamimina dawa mlemle uvimbe unamonywea,
kisha wakaziba nyuma yake kwa punje ndogo ndogo.
Hamdun alielewa kabla sijamaliza kutafsiri.
Miaka ishirini amegawa maji ya falaji,
anajua jiwe na tambara hufanya nini mdomoni mwa mfereji.
"Wameufungia zamu," akaniambia,
amelala chali, amekatazwa kukunja mguu.
"Lakini mizizi itatafuta maji kwingine.
Ndiyo kazi ya vidonge."

Na dripu, kila wiki ya tatu,
ya kuwaamsha askari wa damu
waliokuwa wakimwona adui wakampigia saluti.

Vidonge vilimchubua viganja na nyayo.
Kikombe cha kahawa akakishika kwa leso.
Wakampa krimu; akasoma kibandiko: urea.
"Mbolea!" Akacheka mpaka akakohoa.
"Salma, nipake, huenda nikazaa tende."
Nikampaka, kidole kwa kidole,
nesi Shiji wa Kerala amesimama mlangoni
na neno moja la kwetu alilojifunza: pole.

Idi Kubwa, Muadhi alichinja.
Kwetu maini ndiyo ya kwanza kuliwa, kabla hata ya salamu kuisha.
Nikasimama jikoni na sinia,
ini la mbuzi lina moto bado, laini kama shavu la mtoto,
kisu mkononi.
Sikuweza.
Nikalipeleka kwa jirani zima zima, nikasema tumeshashiba.

Mwezi wa nne: tisa.
Wa saba: sita.
Alama ya damu iliyokuwa elfu nne na kitu
ikafika mia mbili, ikafika thelathini na moja.
Bwana Sarhan wa Ibri alipewa dawa zilezile, wiki zilezile,
kiti chake kando ya chetu, akitugawia halua kwenye kifuniko.
Wake haukupungua.
Mwezi wa tano kiti kile kikakaliwa na mtu mwingine.
Sikujua nishukuru au niombe radhi,
nikafanya yote mawili, kwa sauti ndogo,
nikiangalia dripu.

Jumatatu daktari akaigeuza tena skrini.
Mshipa mkuu ulikuwa peke yake, mweupe,
kama barabara wadi ikishateremka.
"Sasa linakatika," akasema.
Nikamwomba arudie.
Sikuwahi kudhani nitakuja kulipenda neno hilo.

Hakuahidi zaidi ya hapo.
Akataja damu, akataja ini litakalobaki kama litatosha,
akamsukumia Hamdun kalamu.
Saini ikatoka imepinda, kwa ajili ya vidole.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi watampasua.
Sasa hivi amefumbua macho kuniuliza
kama zamu ya maji ya shamba la dada yake imefunguliwa.
Nimemwambia imefunguliwa.
Sijui.
Nimetoka koridoni, viatu mkononi,
nampigia Muadhi simu
aende na tochi.