Meza ya Kumi na Nne

Ukumbi wa shule, Upanga, Jumamosi ya maonyesho.
Kushoto kwangu Bwana Pirbhai na stempu zake chini ya kioo,
kulia vijana wa Tabata na ndege zao za maboksi,
na hapa, juu ya mbao nilizookota Keko,
reli yangu inazunguka,
inazunguka.

Mataruma ni njiti za kiberiti, elfu mbili na ushei;
nilizihesabu mpaka nikachoka, nikaanza kukadiria.
Kokoto ni majani ya chai yaliyokwisha kunywewa,
nikayaanika juu ya gazeti, yakanukia wiki nzima.
Miti ni sponji la kuoshea vyombo.
Kichwa cha treni peke yake ndicho cha kiwandani:
nilikiopoa Karume, chini ya fungu la midoli ya mitumba,
taa moja haina balbu.

Watoto wanauliza, inaenda wapi?
Gerezani, Buguruni, Vingunguti, Pugu, halafu inarudi.
Mbona Pugu iko karibu hivyo?
Kwa sababu meza imeishia hapo, mwanangu.

Kipimo ni moja kwa themanini na saba.
Mama yangu, Bi Mwantumu, hafiki kiungo cha kidole gumba.
Nimemfinyanga kwa nta, nimemkalisha mlangoni na ungo,
anachambua mchele, hageuki treni ikipita.
Ndivyo alivyokuwa. Treni ikija alinyamaza katikati ya neno,
mabehewa kumi na mawili yakapita,
kisha akaendelea na silabi iliyobaki,
nasi tuliokuwa tukigombezwa
tulijua hatujasamehewa.

Saa tisa alasiri akaja mtu mwenye kalamu mbili mfukoni.
Hakuitazama treni. Aliitazama nyumba.
Akatoa rula, akailaza toka katikati ya reli hadi ukutani,
polepole, asiangushe hata jani la chai.
"Kumi na moja," akasema.
"Ilitakiwa kumi na saba na nukta mbili."
Bila karatasi. Mita kumi na tano,
gawanya kwa themanini na saba.

Najua, nikamwambia. Nilipima pia.

"Haule," akasema. "Nimestaafu. Nilikuwa upimaji."
Kisha, akiwa bado ameinama:
"Ukutani hujaweka alama."

Rangi nyekundu ninayo. Imo kwenye kijaluba,
pamoja na brashi niliyoipunguza ikabaki unywele mmoja.
Usiku wa kuamkia leo niliichovya mara tatu,
na mara tatu nikaifutia kwenye kanga ya marehemu.
Kwa kipimo hiki ile X ingetoshana na sisimizi.
Ile yenyewe tuliisoma tangu kituo cha mafuta,
mimi na mama, tukitoka sokoni,
na mama akasema tu, wameandika vibaya,
mkia mmoja mrefu.

Sikumwambia Haule hayo.
Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia
treni ilipofika kwenye kona na kuacha reli.
Behewa la tatu likaegemea ukuta wa nyumba,
ungo ukaanguka, mama akabaki na mikono mitupu.
Watoto wakashangilia.

Haule aliliinua behewa kwa vidole viwili,
kama anayemtoa mtu mwiba.
Akaurudisha ungo mapajani.
"Samahani," akasema,
na sijui alimwambia nani: mimi, au behewa,
au yule wa nta mlangoni.

Rula ikarudi mfukoni.
"Naruhusiwa kuendesha?"
Nikampa swichi.
Akaitoa Gerezani kwa kasi, kama kijana,
lakini kabla ya Buguruni akapunguza,
akapunguza,
akapunguza tena,
hata Bwana Pirbhai akainua kichwa toka kwenye stempu zake
akidhani umeme umekatika.